MOSHI WA GARI UNA MANENO YAKE: TUUSOME KABLA YA KUFUNGUA INJINI



Katika wilaya yetu ya Kasese watu wengi hufika kazini kwa gari la petroli lililozeeka. Simama alfajiri kwenye barabara ya Hima, au ya Mubuku, au ile ya Kikorongo inayokwenda Bwera na mpakani Mpondwe, utayaona yakipita: HiAce za zamani zilizojaa watu, majembe na magunia. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Lakini yale yaliyoingia kabla ya sheria hiyo bado yapo barabarani, na kila mwaka yanazidi kuzeeka.

Gari la namna hii likianza kutoa moshi, maneno mawili husikika mara moja. La kwanza ni la garaji: "Injini imekufa, tuifungue." La pili ni la ofisini: "Dereva ameua injini, akatwe mshahara." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi maneno hayo husemwa kabla ya mtu yeyote kuchomoa hata plagi moja. Fedha ya kufungua injini ni kubwa. Ikiwa gari ni la tawi au la ushirika, fedha hiyo ni michango yetu. Ikiwa ni la kampuni, mshahara unaotishiwa ni wa mwenzetu.

Kwa hiyo inafaa kila dereva, kila turniboi na kila mjumbe wa kamati ajue kusoma moshi. Kazi hii haihitaji shule kubwa. Mimi niliishia shule ya msingi, na haya niliyapata kwa kukaa karibu na mafundi waaminifu na kuuliza. Yanayofuata ni ya injini ya petroli tu. Dizeli ina habari yake.

MASWALI MATATU

Injini ya petroli hupokea petroli iliyochanganywa na hewa. Pistoni huukandamiza mchanganyiko huo ndani ya silinda, plagi hutoa cheche, moto huwaka na pistoni husukumwa chini. Ringi za pistoni huzuia oili isipande kutoka chini. Viraba vidogo viitwavyo sili za valvu huzuia oili isishuke kutoka juu. Gasketi ya hedi huzuia maji ya rejeta yasiingie kutoka pembeni. Basi moshi mwingi maana yake ni moja: kuna kitu kimeingia mahali pasipo pake, au kimeingia kupita kiasi.

Ili kukijua kitu hicho, uliza maswali matatu:

1. Moshi una rangi gani?
2. Unatoka wakati gani?
3. Ni kitu gani kinapungua garini: petroli, oili, maji, au mafuta ya breki?

Swali la tatu husahauliwa na wengi, nalo ndilo linalomaliza ubishi. Rangi ya moshi watu wanaweza kuibishania, lakini kijiti cha kupimia oili hakibishaniwi.

MOSHI MWEUSI: PETROLI NYINGI AU HEWA KIDOGO

Moshi mweusi hunuka petroli, na masizi makavu hushika mdomo wa bomba la ekzosi. Gari hunywa petroli kuliko kawaida, huku oili na maji viko palepale. Huu si ugonjwa wa kufungua injini, na mara nyingi hutengenezwa kwa saa chache.

Anza na chujio la hewa. Vumbi la barabara za mashambani hulijaza upesi, na injini isiyopata hewa hula petroli tupu. Litoe, lishike mbele ya jua. Usipoona mwanga kupita, badilisha. Usiendeshe gari bila chujio hata kwa wiki moja, maana vumbi litakalomezwa litakula silinda na ringi, na hapo utapata moshi wa bluu ambao hukuwa nao.

Kisha tazama choki. Injini ikishapata moto, kibati cha choki juu ya kabureta kiwe wazi kabisa. Waya wake ukikwama, gari litakunywa petroli kutwa nzima. Halafu kuna floti na sindano yake ndani ya kabureta. Floti ikitoboka au sindano ikilika, petroli hufurika. Kabureta isafishwe injini ikiwa baridi, betri imefunguliwa, na mwenye sigara akae mbali. Kumbuka kwamba injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Moto ukizuka hapo, uko miguuni mwa watu.

MOSHI WA BLUU: OILI INAUNGUA

Huu ndio moshi unaowafanya mafundi waseme "ringi" kabla ya kufungua boneti. Hapa swali la pili, yaani wakati gani, lina kazi kubwa.

(a) Ukitoka asubuhi wakati wa kupiga stata, kisha ukatoweka baada ya dakika chache, shaka ya kwanza ni sili za valvu. Usiku kucha oili imedondoka polepole kupitia mashina ya valvu ikakaa ndani ya silinda.

(b) Njia ya Kilembe hutupa kipimo kizuri cha bure. Panda nayo, kisha ushuke kuelekea mjini gari likiwa ndani ya gia, mguu umeinuliwa kwenye pedeli ya mafuta. Wakati huo injini hufyonza kwa nguvu. Ukifika chini, kanyaga mafuta, na mwenzako atazame nyuma. Wingu la bluu likitoka mara moja kisha likapungua, sili au bushi za valvu ndizo zinazopitisha oili.

(c) Moshi ukitoka wakati wa kupanda, gari limebeba mzigo, na ukaendelea kutoka kwa muda wote wa kukanyaga mafuta, shaka huelekea kwenye ringi na silinda. Injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kutilia oili. Kama pumzi yenye moshi inatoka kwa nguvu kama bomba la jiko, moto unapenya kando ya pistoni.

(d) Moshi ukianza ghafula mara baada ya kubadilisha oili, usimwite mtu. Chomoa kijiti. Kama oili imepita alama ya juu, imejazwa mno; ipunguze. Na kama imewekwa oili nyepesi mno kuliko inayotakiwa na injini hiyo, weka ile inayofaa.

Kabla ya kuamini (c), kuna bomba moja dogo la kuangaliwa. Kila injini hupumua: hewa chafu kutoka kwenye sampu hutolewa kwa bomba la raba linalorudi kwenye chujio la hewa au kwenye manifoldi, na katika injini nyingi lina kivalvu kidogo. Bomba hilo likiziba kwa uchafu, pumzi hukosa njia, huisukuma oili nje kwenye sili zote na kuipeleka ndani ya silinda. Ishara zake hufanana sana na za ringi mbovu. Nalijua gari moja la kubebea vibarua ambalo garaji moja ilikwisha kuliandikia ringi, pistoni na beringi. Fundi wa pili alilichomoa bomba hilo, akalikuta limejaa tope gumu la oili, akaliosha kwa petroli. Moshi ulipungua siku ileile, na fedha ya wenyewe ilibaki mfukoni. Si kila gari litapona hivyo, lakini kila gari lianze hapo.

MOSHI MWEUPE: MAJI, MAFUTA YA BREKI, AU BARIDI TU

Asubuhi, upepo wa baridi ukishuka kutoka milima ya Rwenzori, kila ekzosi hutoa mvuke mweupe na kudondosha maji. Ukitoweka injini inapopata moto, huo si ugonjwa. Msimlaumu mtu.

Mvuke mweupe mzito unaoendelea hata injini ikiwa moto, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja chini, maana yake maji yanaingia kwenye silinda. Gasketi ya hedi imeungua au hedi limepinda. Mara nyingi hii hufuata gari kuchemka. Safari ya Kasese hadi Bwera ni zaidi ya kilomita 50, na jua la tambarare ya Kikorongo ni kali. Mkanda wa feni uliolegea au rejeta iliyoziba huweza kuunguza gasketi katika safari moja. Gari likichemka njiani, simameni, zimeni. Kuendelea ili "tufike tu" ndiko kunakopindisha hedi.

Kipimo chake: injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama. Mapovu yakitoka mfululizo, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Tazama pia oili kwenye kijiti. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Injini isiwashwe tena. Utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe. Magari ya safari fupi huwa nao. Wala usifungue rejeta iliyo moto. Maji yale yameshachuna nyuso za watu wengi.

Wenye Volkswagen Kombi za zamani wajue kwamba injini yake hupozwa kwa hewa na haina rejeta. Akitokea fundi wa kukuuzia gasketi ya maji kwa gari hilo, tafuta fundi mwingine.

Kuna moshi mweupe wa aina nyingine, na huu ndio wa hatari kuliko yote. Katika magari yenye busta ya breki, bomba la hewa hutoka kwenye manifoldi ya injini mpaka kwenye busta. Sili ya nyuma ya masta silinda ikilika, mafuta ya breki huingia kwenye busta, hufyonzwa na injini na kuungua. Moshi wake ni mweupe na mzito. Maji ya rejeta hayapungui, oili haipungui, bali kikopo cha mafuta ya breki kinashuka bila kuvuja kwenye gurudumu lolote. Chomoa bomba la busta. Likiwa limelowa ndani, gari hilo lisibebe mtu mpaka masta silinda itengenezwe. Dereva anayeongeza mafuta ya breki kila wiki huku akingojea fedha ya "kufungua injini" anatengeneza kitu kisicho kibovu, na anashuka mlima na breki zinazokufa.

MAFUTA YA TAA NDANI YA PETROLI

Petroli ya kwenye madumu kando ya njia mara nyingine huchanganywa na mafuta ya taa. Injini hugonga, hukosa nguvu, hutoa moshi wenye harufu ya koroboi, na mafuta ya taa yasiyoungua huosha oili kwenye silinda. Tone moja la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka bila kuacha doa. Likiacha doa la mafuta, shaka ipo. Kama moshi ulianza mara baada ya kununua mafuta mahali fulani, toa mafuta hayo kwanza, ndipo uzungumze na fundi.

PLAGI NI CHETI CHA HOSPITALI

Mwambie fundi achomoe plagi zote na azipange mezani kwa mpango wa silinda zake, 1, 2, 3, 4. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Weusi uliolowa na kung'aa ni oili. Plagi moja iliyo safi mno kuliko wenzake, kama iliyooshwa, ni maji. Plagi zote zikiwa na ugonjwa mmoja, tafuta chanzo cha pamoja kama kabureta, chujio au bomba la pumzi. Ikiugua moja tu, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo.

Wazee wa garaji husema plagi nzima ni ya kahawia. Walijifunza hivyo zamani za petroli yenye madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia Januari 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021. Kwa petroli ya leo plagi nzima yaweza kuwa ya kijivu chepesi. Mtu asikuuzie plagi mpya kwa sababu hiyo.

KUPIMA KOMPRESHENI

Hiki ndicho kipimo cha kudai kabla injini haijafunguliwa. Injini iwe na moto, betri iwe na nguvu, plagi zote zitolewe, waya wa koili uchomolewe ili cheche zisiwashe petroli, na pedeli ya mafuta ikanyagwe mpaka chini. Geji huwekwa kwenye tundu la plagi, na stata hupigwa mizunguko michache. Injini nyingi za HiAce zikiwa nzima husoma kati ya paundi 150 na 180 kwa inchi ya mraba. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko hesabu yenyewe.

Silinda iliyo chini itiliwe kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi: ringi au silinda ni mbovu. Isipopanda, valvu au gasketi ndiyo inayovuja. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi kati yao imeungua. Andikeni hesabu zote kwenye karatasi, na nakala moja ibaki kwenu.

MPANGO WA MATENGENEZO

Tuanze na cha bei ndogo, tuishie na cha bei kubwa:

1. Kipimo cha oili, aina ya oili, bomba la pumzi, chujio la hewa, choki.
2. Plagi, kabureta, mafuta safi, mafuta ya breki.
3. Sili za valvu. Katika injini nyingi hizi hubadilishwa bila kung'oa hedi. Valvu hushikiliwa isianguke kwa hewa ya kompresa, au kwa kamba safi inayoingizwa kupitia tundu la plagi.
4. Gasketi ya hedi. Hedi lipimwe kwa rula ya chuma kama limepinda, na bolti zikazwe kwa mpango wake kwa spana ya kupimia nguvu. Kilichofanya gari lichemke kitengenezwe kwanza, la sivyo gasketi mpya itaungua vilevile.
5. Ringi. Silinda zipimwe kabla ya kununua chochote. Zikiwa zimelika na kupoteza uduara, ringi mpya peke yake hazitazuia oili. Itabidi zichongwe na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Anayeweka ringi bila kupima silinda anatupa fedha za watu.

Oili nzito au dawa za chupa za "kuua moshi" huweza kuuficha moshi kwa siku chache. Haziponyi kitu.

SUMU ISIYOONEKANA

Tumesema moshi wenye rangi. Lakini kila ekzosi ya petroli hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Gari linalotoa moshi mweusi hutoa nyingi zaidi. Bomba la ekzosi lililotoboka chini ya sakafu yenye kutu, au mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba nusu wazi kwa sababu ya mizigo, huivuta gesi hiyo mpaka kwenye viti. Abiria wakilalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, msiseme ni uchovu wa kazi. Simamisheni gari, watu watoke hewani, na mgonjwa apelekwe hospitali. Wala injini isipimwe ndani ya garaji iliyofungwa milango.

Mwajiri anayewabeba wafanyakazi wake kwa gari la namna hiyo aelezwe kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake.

DAFTARI LA GARI

Mwisho, kila gari liwe na daftari la shilingi chache. Kila asubuhi dereva aandike tarehe, kilomita, oili aliyoongeza, maji aliyoongeza, mafuta ya breki, rangi ya moshi na wakati ulipotoka. Kwenda Bwera na kurudi Kasese ni zaidi ya kilomita 100, hivyo safari 10 zinapita kilomita 1,000. Gari kuukuu likila lita moja ya oili kwa safari hizo 10, liangaliwe tu. Likila lita moja kwa safari 2 au 3, wakati wa kupima kompresheni umefika. Kwa injini nyingi, toka alama ya chini mpaka ya juu kwenye kijiti ni kama lita moja, hivyo hesabu ni rahisi.

Daftari hilo ni ngao ya dereva. Likionyesha kwamba oili ilianza kupungua miezi mitatu iliyopita, na kwamba dereva aliripoti, hakuna atakayesema ameua injini juzi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka ya makato ya mshahara. Dereva anayekatwa kwa sababu ya moshi amwone mjumbe wa tawi mara moja, akiwa na daftari mkononi na karatasi ya kompresheni, na pamoja waende kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Na fundi akisema "tufungue," kamati imjibu kwa upole: "Sawa, fundi. Tuonyeshe plagi, tuonyeshe bomba la pumzi, tuonyeshe hesabu za geji." Fundi wa kweli atazionyesha kwa furaha.